Mjadala wa Jikoni

Mume wangu alifia kazini, Shimanzi, mchana wa jua kali, akisubiri mizigo ya watu ipakuliwe. Kazi yake ilikuwa kutoa mizigo bandarini kwa niaba ya wenyewe. Walionisimulia walisema alikaa juu ya sanduku la mbao kupumzika, akaomba maji, na maji yalipofika alikuwa keshakwenda. Nikakaa eda ndani ya nyumba yetu ya Mji wa Kale, ghorofa ya juu, sitoki, sijipambi, kama inavyompasa mjane. Eda ilipokwisha nikaoga, nikavaa nguo zangu za kila siku, nikafungua madirisha ya upande wa barabarani. Nilidhani kitabadilika kitu, hakikubadilika.

Nililia siku za mwanzo, wakati nyumba imejaa wanawake. Walipoondoka nikafa ganzi. Sina neno jingine la kuieleza hali ile. Nilipika, nilifua, niliswali, nilijibu salamu za watu ngazini. Mtu akiniuliza nataka pazia hili au lile nilisema sawa. Akiniuliza mchuzi umekolea chumvi nilisema umekolea, na sikuwa nimeuonja.

Shoga yangu wa nyumba ya pili ndiye aliyenitoa. Dadake alifanya kazi katika kliniki ya macho, akasikia kuwa watahitaji mtu wa kupokea wagonjwa mlangoni, mwanamke mtu mzima, mwenye adabu, anayejua Kiingereza. Kiingereza nilikisoma shule mpaka kidato cha nne, lakini tangu kuolewa kilikuwa kimelala. Shoga yangu hakuniuliza nataka au sitaki. Alikuja baada ya swala ya alasiri, akanitolea buibui langu kwenye msumari, akanipeleka Tononoka kwa miguu, mpaka chumba kimoja juu ya duka la vitabu vya shule ambako mzee mmoja aliwafundisha watu wazima.

Mwalimu alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mstaafu. Alifundisha sekondari maisha yake yote, na alipostaafu hakuweza kukaa nyumbani. Alivaa tai katika joto lile. Wanawake alituita Madam, wanaume Sir, hata dereva wa malori aliyekuja darasani na ndara, jasho la Shimanzi bado li mwilini. Dereva yule alikuwa na hamu kuliko sote. Alitaka kwenda kuendesha magari Uarabuni, na aliambiwa huko mahojiano ni kwa Kiingereza.

Wiki ile niliyoanza, somo lilikuwa namna ya kutoa maoni. Sisi kwa Kiswahili husema naona, au nadhani, au kwa maoni yangu, na mambo yakaisha. Mwalimu alichora ngazi ubaoni. Kwenye kidato cha chini aliandika "I suppose", yaani nadhani tu, sina hakika. Juu yake "I think", juu yake tena "I believe", na kule juu kabisa "I am convinced", nimeshasadiki, msinibabaishe. Akasema Mwingereza akitoa maoni hukutajia na kidato alichosimama, ili ujue utamsukuma kwa nguvu gani.

Kisha akatupa swali: biriani huliwa kwa mkono au kwa kijiko?

Dereva alisimama kabla hajaitwa. "I am convinced," akasema, akiinua kiganja, "with the hand!" Darasa zima likamwitikia. Bibi mmoja aliyeuza vitambaa akasema yeye "I suppose" kijiko, mbele ya wageni. Zamu ikazunguka ikafika kwangu.

"And you, Madam? What is your view?"

Nikatafuta. Nilimwona mwalimu akingoja, chaki mkononi. Nikatafuta ndani yangu neno lolote kuhusu biriani, kuhusu mkono, kuhusu kijiko, na sikulipata.

"Sina," nikasema kwa Kiswahili.

"Huna nini, Madam?"

"Maoni. Sina."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akanyamaza. Nadhani mwenzake alimnong'oneza habari yangu. Mwalimu hakucheka. Aligeukia ubao, akaandika chini ya ngazi, pale penye sakafu: "I have no strong feelings either way." Akatueleza: sina hisia kali upande wowote. "Hayo nayo ni maoni," akasema. "Mtu ana haki ya kusimama chini ya ngazi."

Sentensi ile niliihifadhi kabla ya nyingine zote. Nilitembea nayo kutoka Tononoka mpaka nyumbani, nikiisema kimoyomoyo. Ilinitosha kama nguo iliyokatwa kwa kipimo changu.

Nikaendelea kwenda. Sikupenda wala sikuchukia, lakini saa zile zilikuwa na mahali pa kwenda. Mwalimu alitufundisha "with all due respect", pamoja na heshima zote unazostahili, akatuonya kwamba tukiyasikia maneno hayo tujikinge, matusi yako njiani. Wanawake tulicheka, maana na kwetu yapo: mtu akikwambia "sikuvunjii heshima, mwenzangu," heshima imeshavunjika vipande. Alitufundisha "I beg to differ", na yule bibi wa vitambaa akauliza kwa nini Mwingereza aombe ruhusa ya kutofautiana, kwani akinyimwa atakubali? Mwalimu akasema hajawahi kuulizwa swali hilo tangu aanze kazi.

Ikafika siku ya mdahalo. Hoja ilikuwa wanafunzi waruhusiwe simu shuleni, na nikapangwa upande wa kuunga mkono. Dereva aliongoza upinzani. Nilisimama nikasema yangu kwa mpangilio, kwanza hili, isitoshe lile, kwa upande mwingine hili tena. Sauti haikunitetemeka hata kidogo. Wengine walikuwa wakisimama midomo inawakauka, lakini mimi ningeweza kuunga mkono simu, au kuzipinga, au kuunga mkono magonjwa, kwa sauti ile ile. Mwalimu akanisifu mbele ya watu. "Observe how calm she is," alisema, tazameni utulivu wake.

Dereva alipopewa nafasi alikuja mbele kwa kishindo, akaninyooshea kidole kwa heshima, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka dukani chini: "I couldn't agree more with the lady!"

Mwalimu alifumba macho.

"Sir, umekubaliana naye."

"Sijakubali! Nimesema siwezi. 'Couldn't' si ni siwezi?"

"Ni siwezi."

"Na 'agree' ni kukubali?"

"Ni kukubali."

"Basi siwezi kukubali zaidi!"

"Ndiyo hiyo, Sir. Umekubali mpaka umegonga ukuta. Nafasi ya kukubali zaidi haipo."

Watu walicheka mpaka machozi. Dereva mwenyewe alicheka, akakaa chini akijipiga paja, na ushindi tukapewa sisi. Mimi pia nilikuwa nacheka, kwa mdomo. Nilipofika nyumbani sikukumbuka nilizitetea simu kwa hoja gani.

Binti yangu wakati huo alikuwa kidato cha pili. Ni mtoto wetu wa pekee. Shuleni alikuwa katika chama cha midahalo, na babake alipokuwa hai alikuwa akimsikiliza akijizoeza. Baada ya chakula cha jioni baba hukaa kitini kama mwenyekiti, akagonga kikombe kwa kijiko kutaka utulivu, naye binti husimama mbele yake mikono nyuma, akaanza, "Mister Chair." Kiingereza cha mume wangu kilikuwa cha makaratasi ya bandari, lakini alitingisha kichwa pale penye kutingisha. Mimi nilikuwa jikoni, nawasikia.

Alipofariki, mazoezi yale yalikoma. Binti akawa anarudi shule, anakula upesi, anaingia chumbani. Nilimuuliza umekula, akasema nimekula. Nilimuuliza una kazi ya shule, akasema ninayo. Tukawa tunapishana ukumbini kama wapangaji wawili.

Ijumaa moja shemeji yangu, kaka wa marehemu, alikuja kutoka Malindi pamoja na mamake. Ni mtu mwema, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Walikula, wakanawa, nikaleta kahawa. Shemeji akaweka kikombe chini.

"Shemeji, hatukuja kukunyang'anya mtoto. Mtoto ni wako. Ila kule nyumba ina watoto, wana wenzake. Shule nzuri ipo karibu. Amalizie kule, na likizo awe hapa na wewe."

Mkwe wangu alinishika goti. "Mwanangu, wewe hali yako haijarudi. Sikulaumu, mimi mwenyewe nimezika. Lakini mtoto mchanga wa akili hawezi kukaa na kimya kikubwa namna hii."

"Waonaje?" akauliza shemeji.

"Nimesikia," nikasema. "Nipeni nafasi nizungumze naye."

Wakasema ni haki yangu. Wakaomba dua, wakaondoka kabla ya magharibi.

Sikuzungumza naye. Nilikuwa nikimwona asubuhi akifunga viatu nikasema leo jioni, na jioni nikasema kesho. Yeye alijua walichokuja kusema. Kuta za nyumba zetu si za kuficha siri. Mwisho alikuja yeye.

Ilikuwa alasiri, siku nisiyo na darasa. Nilikuwa jikoni, nimekaa juu ya mbuzi, nakuna nazi. Akaingia na sare za shule, hata mkoba hajautua.

"Mama, nataka kusema na wewe."

"Sema."

"Naweza kusema kwa Kiingereza?"

Nikauliza kwa nini.

"Kwa Kiswahili siwezi. Itakuwa nakukosea adabu."

Nikamwambia aseme. Akautua mkoba, akasimama mbele ya jokofu, mikono nyuma, miguu pamoja. Akavuta pumzi.

"Mister Chair," akasema.

Yalimtoka kwa mazoea. Jokofu lilikuwa likinguruma, na chini barabarani mtu alikuwa akisukuma mkokoteni. Nikadhani ataondoka, lakini alifuta uso kwa mkono wa sare akaanza upya.

Alisema yeye ni wa mtazamo kwamba aende Malindi. Alitumia "I am of the view", maneno ambayo mwalimu wangu angeyaweka juu juu ya ngazi yake. Akasema kwanza, kwa ami yake watu huzungumza, hata kugombana hugombana, na yeye ameyatamani magomvi. Isitoshe, binamu zake wako shule yenye midahalo, na hapa ameshaacha kwenda chamani, kitu ambacho mimi sikukijua. Nilikuwa nikimfuata neno kwa neno. Mwaka mmoja nyuma nisingemfuata.

Kisha akatazama sakafu. "With all due respect, Mother," akasema.

Nilijua yanayofuata baada ya maneno hayo. Nilikuwa nimefundishwa.

Akasema anaiogopa nyumba hii. Akasema mimi sipigi kelele, silii, simgombezi. Namuuliza kama amekula, na angeweza kunijibu amekula mawe nami ningesema vizuri. Akasema babake amekufa mara moja, lakini mimi nakufa kila siku mbele yake na bado nakuna nazi. Yote hayo kwa Kiingereza, sauti haijapanda, mikono bado iko nyuma.

Nilijikaza kupokea maumivu, na hayakuja. Maneno yalipita kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Nakumbuka niliwaza kwamba sarufi yake ni nzuri sana.

"I take your point," nikamjibu. Nimeipokea hoja yako. Alinitazama kwa mshangao, maana hakuwahi kunisikia nikisema Kiingereza zaidi ya salamu. "However," nikasema.

Mwalimu alitukataza kuliacha neno hilo peke yake. Mtu akisema hata hivyo, alituambia, ana deni la sentensi. Nikaitafuta sentensi. Mimi ni mamako. Nitabaki peke yangu. Hii ni nyumba ya babako. Zote zilikuwa kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa na nguvu ya kutoka.

"However what?" akauliza.

"However," nikasema tena.

Ikanijia sentensi moja tu, imekamilika, iko tayari ulimini, ile ya kwanza niliyohifadhi, ya chini ya ngazi. Nikafunga mdomo. Nikaacha kukuna, mikono yangu imejaa machicha, nikamtazama mpaka ilipopita.

"Wataka kwenda?" nikamuuliza kwa Kiswahili.

Yeye akabaki na Kiingereza. "I want to go," akasema. "And I want you to mind."

Neno hilo la mwisho lilinipotea. Nililijua kwa maana ya akili. Nikadhani anataka niwe na akili.

"Mind ni nini hapo?"

Akashusha mikono. "Ujali, mama," akasema kwa Kiswahili. "Nikienda ikuume. Nataka kwenda, na nataka ikuume."

Ningeweza kumdanganya. Mama yeyote angesema itaniuma, mwanangu, itaniua. Lakini alikuwa amesimama pale amesema kweli yake yote, nikaona simlipi uongo.

"Sijui kama itaniuma," nikasema. "Sasa hivi hakuna kitu kinachoniuma. Si wewe tu. Hata kidole nilijikata juzi, nikajua kwa kuona damu."

Kisha akaja, akanigusa begani nimpishe, akakaa yeye juu ya mbuzi na sare zake za shule, akamalizia nazi. Mimi nikachuja tui. Tulipika wali na mchuzi wa papa, tukala, na hatukurudi tena kwenye habari ile. Siku ya pili nikampigia shemeji simu, nikamwambia mtoto atakuja muhula ukianza.

Shemeji alikuja na mamake kumchukua, kwa gari la rafiki yake. Nilimkunjia nguo, nikampa mkebe wa kaimati kwa ajili ya binamu zake. Mkwe wangu alinishika mikono yote miwili. Binti alinikumbatia, akanitazama usoni akitafuta kitu, nami nikamwacha atafute. Gari lilipogeuka kona nilipanda juu, nikafagia chumba chake, nikakoga, nikaenda darasani.

Siku ile nilimsimulia mwalimu, baada ya wenzangu kutoka, kwamba binti yangu amefanya mdahalo na mimi jikoni, kwa Kiingereza, akanishinda. "Very good," akasema, akiendelea kufuta ubao. "Very good. She must keep practising." Aendelee kujizoeza. Sikumlaumu, sikuwa nimemwambia mdahalo ulihusu nini.

Kazi ya kliniki niliipata. Daktari aliniuliza kwa nini nadhani ninaifaa, nikamjibu kwa sentensi zilizokaa sawa, na akasema amependa nisivyo na papara. Dereva naye alikwenda Uarabuni. Alipita kutuaga na shati jipya, akasema mahojiano yalikuwa mafupi, walimuuliza tu kama anaweza kuamka mapema. Mimi nikawa nakaa mlangoni, nawaambia watu wangoje, namtilia mzee dawa ya matone akishindwa kujitilia. Kila Ijumaa binti alipiga simu. Alisimulia magomvi ya kule, nani kachukua kitana cha nani, na mimi nikasikiliza.

Likizo ya kwanza alikuja amerefuka. Asubuhi moja alifungua kabati la babake, akaanza kutoa mashati na kuyapanga kitandani. Akasema yanaliwa na nondo, tuyapeleke msikitini wapewe wenye haja, na babake atapata thawabu. Alisema kweli. Watu wengi walikwisha kuniambia hayo, nami nikawajibu sawa, tutapeleka.

"La," nikasema.

Akageuka. "Kwa nini?"

"Hayaendi."

"Mama, lazima kuwe na sababu."

"Sina sababu. Yarudishe."

"Yote?"

"Yote. Na usiyakunje vibaya, yalipigwa pasi!"

Nilikuwa nimepaza sauti. Hata jirani wa chini alisikia, aliniuliza baadaye kuna nini. Binti alibaki ameshika shati la mistari, ananitazama, kisha akaanza kuyarudisha moja moja kabatini. Hakununa. Mchana wote alikuwa akinifuata nyuma ndani ya nyumba, mara aulize hiki, mara kile, kama alivyokuwa akifanya mdogo.

Hakurudi kuishi na mimi. Alimalizia shule Malindi kama tulivyokubaliana, na ninaona lilikuwa jambo jema. Likizo ile ilipokwisha nilimsindikiza mpaka kwenye mabasi, nikangoja mpaka basi likajaa, likatoka. Sikuwa na kazi siku ile, nikapita Marikiti kununua ndimu. Mchuuzi aliniamkia vizuri, akaniuliza nataka za kiasi gani. Nikafungua mdomo nimjibu, sauti ikakataa kutoka. Akangoja kidogo, akanitazama, kisha akajaza mfuko mwenyewe bila ya kuuliza tena, nikampa pesa, nikatoka na ndimu nyingi kuliko nilizohitaji.